Nimeapa sitakanyaga kwa kaka yangu aliyeshika mirathi. Udugu nitauunga vipi?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ustadhi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza nguo za mitumba soko la Owino hapa Kampala. Kwetu ni Arua. Baba yetu alifariki mwaka 2022. Aliacha mke mmoja, ambaye ni mama yetu, na watoto watano: wa kiume wawili, wa kike watatu. Babu na bibi walishatangulia zamani. Mali ni kiwanja kimoja chenye nyumba ya familia, na nyuma yake vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja kodi yake shilingi 100,000 kwa mwezi.

Kaka yetu mkubwa ndiye anayekaa katika nyumba ile pamoja na mama, na ndiye anayekusanya kodi. Mdogo wetu wa kiume yuko Juba. Tangu matanga yaishe hakuna aliyegawiwa kitu. Siku ya dua niliuliza mbele ya wazee, kaka akanijibu kwamba mimi nimeolewa, haki yangu iko kwa mume wangu. Nikapandwa na hasira, nikasema: "Wallahi sitakanyaga tena nyumba hii mpaka nife." Nikatoka kwenye kundi la familia la WhatsApp, nikaifungia namba yake. Naye hajanitafuta.

Anayeumia ni mama. Hana simu yake, huazima ya binti wa kaka, na kaka akiingia mazungumzo yanakatika hapohapo. Sasa huyo binti anaolewa baada ya Idd na mama ananisihi niende. Dada zangu wamegawanyika: mmoja anataka twende mahakamani, mwingine anasema anayedai mirathi anakata udugu, tumwachie Mungu.

Jambo jingine. Mama alisilimu alipoolewa na baba. Dada yake, mama yetu mkubwa, ni Mkatoliki, yuko Pakwach na ni mgonjwa. Alitulea sana tulipokuwa wadogo. Mtu mmoja msikitini ameniambia kwamba kuunga udugu hakumhusu asiyekuwa Muislamu. Je, ni kweli?

Sitaki kufa nimekata udugu, lakini sitaki pia kudhulumiwa.

Dada wa Owino, Kampala

USTADHI ANAJIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu na ampe mama afya.

Mambo mawili yamefungwa fundo moja katika barua yako, udugu na mirathi. Dada yako anadhani ukidai mirathi umekata udugu. Wewe ulidhani ukinyimwa mirathi unaweza kukata udugu. Nyote mmechanganya. Sura ileile ya An-Nisaa inayotuamrisha katika aya ya kwanza tumche Mwenyezi Mungu na tuchunge jamaa wa tumbo, ndiyo inayotaja mafungu ya warithi katika aya ya 11 na 12. Aliyeamrisha hili ndiye aliyeamrisha lile, na kutii moja hakufuti jingine. Utamsalimia kaka yako, utakwenda kwake, utashiriki harusi ya binti yake. Fungu lako nalo utalidai. Ila kila jambo lina siku yake na mlango wake.

Tuanze na kiapo, maana ndicho kinachokuzuia mlangoni.

Kiapo cha kukata udugu hakishikwi. Al-Baqara 224 inakataza kulifanya jina la Mwenyezi Mungu kuwa kizuizi cha kutenda wema na kusuluhisha watu. Tena kuna kisa kinachofanana na chako. Abubakar Swiddiq, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akimpa matumizi jamaa yake maskini aitwaye Mistah. Mistah akawa miongoni mwa waliomsingizia Bibi Aisha, binti wa Abubakar mwenyewe. Abubakar akaapa hatampa tena kitu. Ikashuka An-Nuur 22: wenye uwezo miongoni mwenu wasiape kuwanyima jamaa zao, wasamehe na waachilie mbali, kwani hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Abubakar akasema ndiyo, napenda, akamrudishia Mistah matumizi yake. Lile lilikuwa kosa la kuchafua heshima ya mwanawe, wala si la kodi ya vyumba. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha katika hadithi ya Muslim kwamba aliyeapa kisha akaona lililo bora kuliko alichoapia, alifanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake.

Kafara imeelezwa katika Al-Maida 89: kulisha masikini kumi chakula cha wastani mnachowalisha watu wa nyumbani kwenu, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo. Asiyeweza hayo ndiye anayefunga siku tatu. Wengi wetu hapa Uganda tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na humo kila masikini hupewa mudi moja ya chakula kinachotegemewa mahali hapo. Ukikadiria robo tatu ya kilo kwa kila mtu umechukua tahadhari ya kutosha, kwa hiyo masikini kumi ni kilo saba na nusu za mchele au unga wa posho. Pima, funga kwenye mifuko kumi, gawa kwa watu kumi.

Hapa ndipo watu hukosea. Wengine hukimbilia kufunga siku tatu hali pesa ya mchele wanayo, na saumu hiyo haiwi kafara kwa mwenye uwezo wa kulisha. Wengine humpa mjane mmoja mchele wote, na Aya imesema kumi. Wengine huhesabu watoto wao au mama yao, ambao kuwalisha ni wajibu wao tayari. Wengine hutoa pesa taslimu. Hanafi wanaikubali thamani, Shafii hawaikubali, basi toa chakula utoke katika khitilafu. Kwa Shafii unaweza kulisha kabla hujavunja kiapo, kwa hiyo mchele ugawe Kampala katika wiki ya safari. Ukiwa kweli huna uwezo na unafunga, saumu haitangulii: vunja kiapo kwanza, kisha funga siku zako tatu, hata zikiachana.

Kiapo kimekwisha. Sasa, nani aanze?

Wewe. Najua ni zito, kwa sababu wewe ndiye uliyenyimwa. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Ayyub Al-Ansari kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wanakutana huyu anageuka huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza kwa salamu. Mtume hakusema aanze mwenye kosa. Na katika Bukhari, kwa Abdullah bin Amr, muunga udugu si yule anayelipa alichofanyiwa; muunga udugu ni yule ambaye jamaa zake wakimkata, yeye huwaunga. Ukimtolea kaka yako salamu akaipokea, mmeshirikiana thawabu. Akikataa, wewe umetoka katika dhambi ya kuhamana na yeye amebaki nayo.

Ifungue namba yake leo. Usimpigie mchana akiwa kazini au kati ya watu, piga baada ya Magharibi. Asipopokea, usirudie mara tano mfululizo, na usitume sauti ndefu ya WhatsApp: sauti hubeba hasira ambayo mwenyewe huisikii, na husambazwa kwa wengine. Tuma ujumbe mfupi wa maandishi, kwa mfano: "Assalaam alaykum kaka. Ni mimi mdogo wako. Nakuja kwa nikaha ya mtoto, inshallah. Maneno yangu makali ya siku ile unisamehe. Mama anahitaji nini nimletee?"

Tazama ujumbe huo ulivyokaa. Umeomba msamaha wa maneno, maana kuapa vile mbele ya wazee na mama anasikia lilikuwa kosa lako, lirekebishe. Hukusema "nimekusamehe mirathi", wala hukusema "mirathi tutaizungumza". Mwisho kuna swali ambalo ni rahisi kulijibu, kuhusu mtu mnayempenda wote wawili. Asipojibu, tuma mwingine siku ya Idd, wa salamu tu. Kundi la WhatsApp usirudi kwanza. Mkisharudi kusemezana ataomba mwenyewe uingizwe, na ukiwa humo usiandike neno lolote la pesa.

Mama sasa. Mtume alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema alitaja mama mara tatu, kisha baba, kisha wa karibu zaidi na anayefuatia. Kwa hiyo hata kaka yako angefunga mlango kabisa, haki ya mama kwako haipungui hata kidogo, na hasira yako kwa kaka isimfikie yeye. Mnunulie simu ndogo ya vitufe inayokaa na chaji siku kadhaa. Laini isajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe cha taifa, isiwe kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu pesa za simu zina mwenyewe na ndizo huzua ugomvi. Dada watatu mpangiane: kila mmoja siku yake ya kumpigia, na kiasi kinachojulikana kila mwezi, hata kama ni shilingi 30,000, mkiongeza na za kutolea. Kidogo kisichokatika kinamfaa kuliko kikubwa cha mara moja kwa mwaka. Na usimtume mama awe mpelelezi. Usimuulize wapangaji wamelipa au hawajalipa, wala usimlazimishe aseme nani ana haki. Yeye anaishi katika nyumba ile, na jibu lolote atakalokupa atalilipia usiku huohuo.

Nikaha nenda, tena ufike siku mbili au tatu kabla, kazi ikiwa bado jikoni. Mgeni anayeingia saa ya pilau huonekana amekuja kula. Aliyekuja kuchambua mchele na kumenya vitunguu na wifi yake amerudi nyumbani. Safari ya Kampala hadi Arua ni ndefu, karibu kilomita 480, kwa hiyo fuatana na mumeo au kijana wako mkubwa. Mtume amefundisha mwanamke asafiri na mumewe au maharimu wake, yaani jamaa asiyeweza kumwoa, na watoto nao wamjue mjomba wao kwa uso, wasimjue kwa ugomvi tu. Beba vya kutumika: sukari, majani ya chai, mche wa sabuni, leso ya mama, na kitu cha wifi yako kwa mkono wako mwenyewe. Kwa kaka peleka kanzu. Hadithi inasema peaneni zawadi mpendane, na zawadi ambayo mtu ataivaa Ijumaa humkumbusha aliyeileta. Mchango wa harusi mkabidhi anayesimamia shughuli na uandikwe kama wa wengine.

Ukifika, salimia, mpe pole na hongera, kaa. Mzee yeyote akitaka kukaa kitako siku hiyo "kumaliza mambo yenu", kataa kwa heshima: mwambie leo ni siku ya bwana na bibi harusi. Nasisitiza hili kwa sababu usuluhishi mwingi huvunjika kwa kuharakishwa. Watu hukutana mara ya kwanza baada ya kimya kirefu, mmoja anataja pesa kabla chai haijapoa, na kila mtu anaondoka akiamini kwamba mwenzake hakuja kwa udugu. Akikutolea maneno mbele ya watu, usijibu, ingia kwa mama. Mtu mmoja alimlalamikia Mtume kuwa ana jamaa anawaunga nao wanamkata, anawatendea wema nao wanamtendea ubaya. Mtume akamwambia, kama ni kweli usemavyo, basi ni kama unawalisha jivu la moto, na hutaacha kuwa na msaidizi kutoka kwa Mwenyezi Mungu maadamu uko katika hali hiyo. Ni hadithi ya Muslim. Lakini akikuinulia mkono, ondoka ukalale kwa jamaa mwingine. Udugu huungwa pia kwa simu na kwa salamu, haukulazimishi kukaa mahali unapopigwa.

Sasa mirathi, kwa mlango wake.

Neno la kaka yako kwamba umeolewa halina msingi katika dini. An-Nisaa 7 imesema wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi, fungu lililofaradhishwa. Ndoa haikutajwa hapo. Kabla ya kugawa, toeni gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Katika madeni ulizeni jambo ambalo familia nyingi husahau: je, mahari ya mama ililipwa yote? Iliyobaki ni deni la marehemu, hutoka kwanza, kabla mtoto yeyote hajapata shilingi.

Hesabu yenu ni nyepesi. Mama, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumuni, yaani 1/8. Zinabaki 7/8 kwa watoto, kila wa kiume akihesabiwa mafungu mawili na wa kike moja: wanaume wawili mafungu manne, wanawake watatu mafungu matatu, jumla saba. Kwa hiyo kila fungu ni 1/8 ya mali yote. Wewe una 1/8, kila dada yako 1/8, mama 1/8, kila kaka 2/8. Kodi ya mwezi ni shilingi 600,000. Tuseme mwezi huo kuezeka upya na kunyonya choo kumekula 120,000, zimebaki 480,000: mama 60,000, kila dada 60,000, kila kaka 120,000. Nyumba ya familia nayo imo katika hesabu hiyohiyo. Si lazima iuzwe. Mnaweza kuiacha ilivyo na mkaandika mafungu ya kila mmoja. Lakini thumuni ya mama ni mali yake kamili, haimezwi kwa sababu anakaa na mwanawe.

Kuweni waadilifu kwa kaka pia. Anayekusanya kodi, kufuatilia wapangaji na kusimamia mafundi anafanya kazi, na mnaweza kukubaliana alipwe kitu kabla ya mgawo. Na matunzo ya mama ni wajibu wa watoto wote wenye uwezo. Ikiwa yeye peke yake ndiye amekuwa akimnunulia dawa, nyinyi watatu mna deni la wema kwake. Semeni hivyo kwa vinywa vyenu mbele yake, mtaona jinsi kikao kitakavyolainika.

Kikao kiwe baada ya harusi, wiki mbili tatu zipite. Kiitishwe na mtu asiyekuwa mdai: imamu wa mtaa, au rafiki wa karibu wa baba yenu. Huyo wa pili aghalabu ndiye hufaa zaidi, na kumtembelea tu ni ibada, kwani katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga waliokuwa wapenzi wa baba yake. Awepo mama, wawepo watoto wote, na ndugu yenu wa Juba asikilize kwa simu. Waume na wake wabaki nje. Anzeni na kodi ya mwezi huu kwenda mbele, msianze na miaka iliyopita. Mkifungua daftari la mwaka 2022 siku ya kwanza, mtamaliza siku nzima mkibishana risiti. Kodi iliyokwisha kuliwa ni haki yenu, na ndipo penye nafasi ya ukarimu: kila dada anaweza kusamehe sehemu yake au kuidai kidogokidogo. Hawezi kusamehe ya mwenzake, wala ya mama.

Andikeni. Al-Baqara 282 imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na mirathi ya watu sita ina haja zaidi ya kuandikwa. Karatasi moja yatosha: kiwanja kiko wapi, warithi ni nani, fungu la kila mmoja, nani anakusanya kodi, tarehe gani anatuma, matumizi gani yanahitaji kukubaliwa na wote. Saini au dole gumba za wote, mashahidi wawili, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Kila mmoja abaki na nakala.

Utaombwa uachie. Wapo watakaokuambia mwanamke mwema hamdai kaka yake. Mali ya Muislamu haiwi halali kwa mwenzake ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na ridhaa ya aliyeona haya mbele ya wazee si ridhaa. Ukitaka kumpa kaka fungu lako, lijue kwanza thamani yake, liandikwe kuwa ni lako, kisha mpe kama zawadi siku ambayo hakuna anayekuomba.

Akikataa kikao, nendeni kwa Kadhi wa wilaya, aliye chini ya Baraza Kuu la Waislamu Uganda. Atawaita pande zote na kuandika mgawo. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 129, inaruhusu Bunge kuunda mahakama za Kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini sheria ya kuziendesha haijapitishwa, kwa hiyo uamuzi wa Kadhi unategemea pande zote kuukubali. Asipokubali hapo, inabaki njia ya serikali: cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), barua ya mwenyekiti wa LC1, kumbukumbu za kikao cha familia, kisha ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi itoe barua ya kutokuwa na pingamizi, na mahakama itoe hati ya usimamizi. Bila hati hiyo hakuna mtoto, hata mkubwa, aliye na ruhusa ya kisheria kuuza kiwanja cha marehemu. Kwenda huko si kukata udugu, mradi salamu isikatike. Siku ya kesi msalimie kaka yako nje ya mlango, na Idd mtumie zawadi yake kama kawaida. Ila jua jambo moja: Sheria ya Mirathi ya nchi haitofautishi wa kike na wa kiume katika fungu la watoto. Ukipewa zaidi ya 1/8 yako, kilichozidi kirudishe kwa wenyewe, isipokuwa wakikuridhia. Anayedai haki kwa Qur'ani achukue kipimo cha Qur'ani.

Nimebakisha mama yako mkubwa, na hapa aliyekuambia vile amekupotosha. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake akiwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume: nimuunge? Akamwambia: ndiyo, muunge mama yako. Ni hadithi ya Bukhari na Muslim. Umar bin Al-Khattab alimpelekea nguo ndugu yake aliyekuwa Makka kabla hajasilimu. Al-Mumtahana 8 haikatazi wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita katika dini. Na Mtume amesema mama mkubwa na mama mdogo wana daraja la mama. Huyu tena ndiye aliyekuleeni. Hapa kwetu familia ambayo wote ni dini moja ni chache, na kama tungekata kila asiyekuwa Muislamu tungekata nusu ya nyumba zetu.

Basi la Arua linapita Pakwach. Usipite. Katika kurudi shuka, kaa naye walau usiku mmoja, mwogeshe, mfulie, muulize dawa gani imekwisha na kliniki ni lini. Mtume alimzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia alipougua, sembuse dada wa mama yako. Ukimpa pesa nuia sadaka, usitoe katika Zaka ya mali, kwani wanavyuoni walio wengi hawaijuzishi Zaka kwa asiyekuwa Muislamu, ilhali sadaka kwa jamaa ni mbili, ya kutoa na ya kuunga udugu. Padri akija kumsomea, toka nje kwa adabu, akimaliza rudi. Akifariki, nenda msibani, pika, teka maji, wafariji binamu zako. Ibada ya kanisani usishiriki, na hakuna anayelazimika kukuona una kiburi kwa hilo ukilisema mapema na kwa upole. Mirathi yake hamrithi nyinyi wala yeye kwenu, lakini wasia usiozidi thuluthi unafaa kwa pande zote mbili, kwa hiyo mama yako akitaka kumwandikia dada yake kitu katika ile thumuni yake, mwandikieni mbele ya mashahidi wawili.